Sikio linapouma, huenda ni taya

Mtoto akilalamika kwamba sikio linamuuma, mzazi hukimbilia dawa ya matone. Matone huisha na maumivu yakabaki palepale. Daktari akilichunguza sikio na kulikuta safi, inafaa akiangalie kiungo cha taya, ambacho kiko mbele kidogo tu ya tundu la sikio.

Uchunguzi huanza kwa maswali wala si kwa mashine. Je, katika siku 30 zilizopita mtoto ameumwa na taya au panja? Maumivu huzidi anapotafuna au kupiga mwayo? Husaga meno usingizini? Mtoto mdogo asiyeweza kujieleza huenda akaanza kukataa nyama na mahindi ya kuchoma, na wengi hudhani ni ukaidi.

Aliwahi kuanguka kidevu kikatangulia? Swali hili ni zito. Mtoto aliyeporomoka kutoka juu ya mwembe akashonwa kidevu anaweza kuwa amevunjika mfupa karibu na sikio bila mtu kutambua. Baadaye kiungo hushikana, kinywa kisifunguke, na taya likadumaa.

Kisha daktari hupima kwa rula upana wa kinywa kilichofunguliwa. Kwa kijana, milimita 40 au zaidi ni kawaida. Nyumbani, mwambie apachike vidole vyake vitatu, kimoja juu ya kingine, baina ya meno ya mbele. Daktari pia huibonyeza misuli ya shavu na ya panja akiuliza iwapo maumivu hayo ndiyo yale aliyoyazoea mtoto. Jibu hilo ndilo muhimu, kwani kidole kikikandamiza mno humuumiza yeyote.

Taya kualika tu, bila maumivu, kusiwatie wazazi hofu. Vijana wengi, hasa wasichana, huwa hivyo pasipo madhara.

Cha kuogopwa zaidi ni kimya. Baridi yabisi ya watoto inaweza kukila kiungo hicho bila uchungu wowote, na dalili ya pekee ikawa kidevu kurudi nyuma au uso kwenda upande. Eksirei huonyesha mfupa ambao tayari umeharibika. Uvimbe wa mwanzo huonekana kwa kipimo cha emarai, ambacho ni ghali na hakipatikani katika kila hospitali. Kwa hiyo mtoto ambaye magoti au vifundo vyake vimevimba kwa zaidi ya majuma 6 anapaswa kuchunguzwa taya pia, hata kama halalamiki.