Usimpe mtoto uji kwa siri kabla ya nusu kaputi

Umepanda basi la alfajiri kutoka Mbinga au Namtumbo, mtoto mapajani, unakuja Songea mjini kwa upasuaji wa ngiri. Mtoto analia njaa. Stendi kuna chapati na chai ya maziwa, na unajiambia kipande kidogo hakina neno. Ukifika hospitali, mtaalamu wa usingizi anauliza mtoto amekula saa ngapi. Kwa kuogopa kupangiwa siku nyingine, unajibu: "Tangu jana usiku."

Mzazi, jibu hilo linaweza kumgharimu mtoto maisha. Ili uelewe sababu, tuingie kidogo chumba cha upasuaji.

Mtoto akipewa nusu kaputi, hupumua kupitia barakoa au mpira mwembamba unaoingia kooni. Mpira huo umeunganishwa na mirija inayofanya kazi tatu: kuleta oksijeni pamoja na dawa ya usingizi, kuondoa hewa chafu anayoitoa, na kumwezesha mtaalamu kumpumulisha mtoto akishindwa kupumua mwenyewe.

Mirija hiyo si ya aina moja. Mtoto wa kilo 10 huvuta takriban mililita 70 kwa pumzi moja, kama vijiko vitano vya mezani. Akiunganishwa na mirija mipana yenye valvu nzito, atachoka kuivuta hewa na atarudia kupumua ileile aliyoitoa.

Tatizo hilo lilimsumbua Philip Ayre, daktari wa usingizi wa Newcastle, Uingereza, aliyehudumia watoto wachanga wenye mdomo wazi. Mwaka 1937 alieleza kifaa chepesi chenye umbo la herufi T, kisicho na valvu hata moja. Mwaka 1950, Gordon Jackson Rees wa Liverpool aliongeza kifuko kilicho wazi mkiani. Hadi leo kifaa hicho hutumika kwa watoto wadogo, hasa walio chini ya kilo 20. Kifuko chake ni cha nusu lita tu. Mtaalamu hukishika mkononi, akaona na kuhisi kila pumzi ya mtoto, na akikiminya hewa huingia kwenye mapafu. Upungufu wake ni kwamba hula gesi nyingi, kwa sababu hewa chafu husukumwa nje na gesi mpya inayomiminika muda wote.

Aina ya pili ni ya mzunguko. Ina mrija wa kuvuta na mrija wa kutoa, valvu mbili, na kopo la chokaa maalumu linalonyonya hewa ukaa ili gesi iliyobaki itumike tena. Aina hii huokoa gesi, na kwa watoto huwekwa mirija myembamba na kifuko kidogo. Chokaa ikichoka hubadilika rangi, na lazima iwekwe nyingine.

Ya tatu hutumia hewa ya kawaida ya chumbani, inayopitishwa kwenye chombo cha dawa ya usingizi na kuongezewa oksijeni. Hufaa pale ambapo mitungi ya gesi ni shida kupatikana. Kwa mtoto mdogo, mtaalamu humsaidia kuvuta kwa kuminya kifuko.

Lakini hakuna hata mmoja kati ya mirija hiyo unaoona tumboni. Dawa ya usingizi hulaza pia kinga ya koo, ile inayotufanya tukohoe tukipaliwa. Chakula kikipanda kutoka tumboni huweza kuingia kwenye mapafu, na hapo hata mtaalamu mwenye kifuko mkononi huwa na kazi ngumu.

Kanuni inayotumika sehemu nyingi ni hii: chakula, uji na maziwa ya ng'ombe au ya kopo, mwisho saa 6 kabla, maziwa ya mama, saa 4, maji matupu, saa 2. Kwa upasuaji wa saa 3 asubuhi, uji mwisho saa 9 usiku, kunyonya mwisho saa 11 alfajiri, maji mwisho saa 1 asubuhi. Hospitali yako ikikupa muda tofauti, fuata wa hospitali. Usimshindishe mtoto njaa kuliko ulivyoelekezwa; uliza kama anaruhusiwa maji.

Mweleze mtaalamu pia kama mtoto ana mafua, kikohozi au homa, pumu, jino linalocheza, au kama ndugu yeyote aliwahi kupata shida akiwa chini ya nusu kaputi. Mtoto mwenye mafua huweza kubanwa na koo akiwa usingizini.

Na kama bibi yake alimpa andazi wewe ukiwa msalani, sema. Upasuaji wa ngiri ambayo haijabana unaweza kusogezwa mbele. Nauli ya kurudi tena inauma, lakini mtoto utarudi naye.