Injini "itaingia tu"? Soma hapa kabla hujatoa pesa

Haya wadau, leo siasa naiweka pembeni kidogo, tuongee mambo ya gereji.

Kila nikishinda kwenye gereji za hapa Morogoro, haupiti muda kabla mtu hajaja na swali lile lile: "Fundi, nimeona injini inauzwa, itaingia kwenye Hilux yangu?" Na jibu la mafundi wengi ni lile lile: "Itaingia tu, mzee, lete." Kweli, huwa inaingia. Ukiwa na mnyororo, mashine ya kuchomelea na nyundo, karibu kila injini itaingia kwenye karibu kila gari. Maswali yenyewe ni mengine: Je, itakaa? Itavuta mzigo? Na breki zitashika?

Mimi si injinia. Nimemaliza kidato cha nne, na ukiacha kuandika andika huku, muda mwingi nipo gereji nawashikia mafundi tochi. Ila nimeshaona watu wameuza ng'ombe, wengine kiwanja kabisa, kununua injini, halafu pikapu imekaa juu ya mawe mwaka mzima. Kwa hiyo naandika kwa ajili ya yule ambaye bado pesa iko mfukoni. Nachukua Toyota Hilux za zamani kwa sababu ndizo zinazobeba kabeji, mkaa na mabati huku kwetu.

UKOO KWANZA, UKUBWA BAADAYE

Injini zina ukoo kama watu. Hilux nyingi za dizeli za miaka ya 80 na 90 zina injini za ukoo wa L. Ndani ya ukoo huo kuna 2L (cc 2,446), 3L (cc 2,779) na 5L (cc 2,986). Zote zina silinda nne, na kilichotofautiana zaidi ni upana wa silinda na mwendo wa pistoni: 2L ni milimita 92 kwa 92, 3L ni 96 kwa 96, na 5L ni 99.5 kwa 96. Mgongoni, pale injini inaposhikana na giaboksi, zinafanana. Ndiyo maana mwenye 2L iliyopasuka hedi (na 2L ikichemka inajulikana kwa kupasua hedi) anaweza kufunga 3L na kubaki na giaboksi yake ile ile. Kiwanda chenyewe kilizifunga injini hizi kwenye bodi zinazofanana. LN106, kwa mfano, ilitoka na 3L.

Unajuaje ukoo wa gari lako? Fungua boneti utafute kibati cha chesisi. LN maana yake Hilux yenye injini ya ukoo wa L. RN ni ukoo wa R, mfano 22R ya petroli. YN ni ukoo wa Y, nayo ni petroli. Ukikuta LH hiyo ni Hiace ya ukoo wa L. Kibati hicho hicho kina mstari wa giaboksi na ekseli. Piga picha na simu, uende nayo dukani.

Sasa Hiace. Injini nyingi zinazouzwa zimetoka kwenye Hiace, maana ndizo zilizojaa. Mgongo unafanana, lakini vitu vya pembeni havifanani: sampu, maunti, njia ya hewa, egzosi, mahali alteneta inapokaa. Sampu ya Hiace kwenye Hilux ya 4x4 inaweza kugongana na difu ya mbele. Dawa yake ni rahisi, unahamisha vitu hivyo kutoka kwenye injini yako ya zamani. Kwa hiyo wadau, USIUZE INJINI YA ZAMANI KABLA MPYA HAIJAWAKA NA KUTEMBEA. Fundi akikuambia "hiyo mbovu niachie mimi, nikupunguzie hela ya kazi", jua anakuachia deni la kununua sampu, maunti na pengine flaiwili.

PALE INJINI INAPOOA GIABOKSI

Kati ya injini na giaboksi kuna vitu vinne: flaiwili, klachi pleti, presha pleti na belhauzi. Sheria yake ni fupi. Presha pleti lazima ikubaliane na flaiwili. Klachi pleti lazima ikubaliane na meno ya shafti ya giaboksi. Hesabu hayo meno, usikadirie kwa macho. Na ile bearing ndogo iliyo katikati, nyuma ya krenki, lazima itoshee ncha ya shafti hiyo bila kulegea.

Ukibaki ndani ya ukoo mmoja, haya yote yanaenda vizuri. Ukitoka nje ya ukoo ndiyo utaanza kuona watu wanatoboa belhauzi matundu mapya au wanachomelea bamba la chuma katikati. Hapo kuwa mwangalifu sana. Belhauzi haikai sawasawa kwa sababu ya bolti, inakaa kwa sababu ya pini mbili za kuongozea. Zikiondolewa, kitovu cha injini na cha giaboksi vinaachana. Hata nusu milimita ni nyingi. Gari litawaka na litatembea, mwenye gari atafurahi, fundi atalipwa. Baada ya muda giaboksi inaanza kulia, gia zinaruka, klachi inakwisha upande mmoja. Ukirudi unaambiwa "giaboksi yako ilikuwa mbovu tangu zamani".

Halafu giaboksi ya 4x2 na ya 4x4 si kitu kimoja hata kama gia za ndani zinafanana. Ya 4x4 ina boksi la pili nyuma, lile la kugawa nguvu mbele na nyuma. Ukinunua giaboksi ya 4x2 kwa ajili ya gari la 4x4, umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

DIFU, KITU WANACHOKISAHAU WENGI

Injini inaweza kuingia na giaboksi ikakubali, bado gari likawa halina raha. Sababu ni difu. Hilux zilitoka na difu za namba mbalimbali: 4.1, 4.3, 4.556, 4.875 na nyingine. Namba hiyo inasema propela inazunguka mara ngapi ili tairi zizunguke mara moja.

Tuchukue tairi yenye mzingo wa mita 2.2 na gia ya tano ya 0.85. Ukitembea kilomita 100 kwa saa na difu ya 4.1, injini inazunguka karibu mara 2,640 kwa dakika. Na difu ya 4.875 inafika karibu 3,140. Hiyo tofauti ya 500 kwa injini ya petroli si kitu, lakini dizeli ya zamani ambayo nguvu zake zinaishia kwenye 4,000 hivi utaisikia inalia njia nzima hadi Chalinze. Kinyume chake, ukiwa na difu ya 4.1, tairi kubwa na mzigo wa mlimani, gia ya kwanza inakuwa nzito na klachi inaungua.

Unaweza kupima mwenyewe. Weka gia nyutro na mawe kwenye tairi za mbele, kisha inua tairi MOJA ya nyuma kwa jeki na uweke stendi. Hendibreki iachie. Piga chaki kwenye tairi na kwenye propela. Zungusha tairi mara 20 huku mwenzako anahesabu propela. Ikizunguka 41, difu ni 4.1. Ikifika 43 ni 4.3. Arobaini na tano na nusu ni 4.556, na karibu 49 ni 4.875. (Njia hii ni kwa difu ya kawaida, siyo ya loki.)

Kwa gari la 4x4, difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe namba moja. Zikitofautiana, siku utakayotia 4x4 kwenye barabara kavu kuna kitu kitavunjika.

PETROLI KWENDA DIZELI: HAPA NDIPO WATU WANAUMIA

Injini ya petroli inavuta hewa kwa nguvu, na mvuto huo ndio unaosaidia busta ya breki. Dizeli haina mvuto huo. Injini za ukoo wa L zina pampu ndogo ya vakyumu, nayo imefungwa nyuma ya alteneta. Sasa fundi anafunga 3L kwenye Hilux ya petroli, anaona alteneta iliyokuja imeungua, anarudishia ile ya petroli ili kubana matumizi. Taa zinawaka, betri inachaji. Busta haina kitu.

Kuna pikapu niliyoiona ikirudishwa gereji (siitaji, wahusika wanajijua) baada ya kufungwa hivyo hivyo. Mjini ilikuwa inasimama kwa shida tu, wakasema breki shuu mpya. Ilipopakia kabeji na kuanza kuteremka kutoka Mgeta, pedeli ikawa ngumu kama jiwe. Dereva aliigonganisha na ukingo wa mlima makusudi, maana upande wa pili ni korongo. Alitoka mzima, Mungu mkubwa. Nilipomulika tochi pale kwenye busta, bomba la vakyumu lilikuwa limezibwa kwa bolti. Alteneta yenye pampu yake ingeyamaliza yote hayo.

Kipimo ni dakika moja. Zima injini, kanyaga breki mara kadhaa hadi pedeli iwe ngumu. Endelea kukanyaga, washa injini. Pedeli ikishuka kidogo, busta inafanya kazi. Isiposhuka, usitoke getini.

Mengine ya kuangalia: tenki lisafishwe na liwe na bomba la kurudisha dizeli; stata iwe ya volti 12 kama gari lako, kwa sababu baadhi ya injini huja na stata ya 24; na taimingi belti ibadilishwe injini ikiwa bado chini, hata kama muuzaji anaapa ni mpya. Kawaida yake ni kilomita 100,000, ikikatika valvu zinagonga pistoni na umeanza upya.

MWISHO NI KADI

Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Nunua injini yenye namba inayosomeka, dai risiti, halafu nenda TRA ukabadilishe taarifa. Injini iliyosuguliwa namba iache hapo hapo hata ikiwa ya bei ya kutupa. Siku ya kuuza gari, au siku trafiki atakapofungua boneti, utaulizwa wewe na siyo aliyekuuzia.

Mjomba wangu alibadilisha yake, 2L kwenda 3L. Giaboksi ile ile, difu ile ile, sampu na maunti za zamani, klachi seti nzima mpya. Bei ya injini ilikuwa juu kuliko ile aliyoonyeshwa kwanza, ya ukoo mwingine. Lakini hakutoboa tundu hata moja, na bado anapanda Mgeta na kushuka.

Mafundi mliomo humu, kama kuna nilichoruka ongezeeni hapo chini. Na wewe uliye na Hilux tofauti na hizi, andika namba ya kibati chako tuangalie pamoja.

Naomba kuwasilisha.