Mlango Ukishang'olewa

Mwenye nyumba wa mtaa wa mabanda hana haja ya kwenda kortini. Tarehe 10 ikifika na kodi haijalipwa, keateka huja na nyundo, akabandua bawaba, akaubeba mlango begani na kwenda kuufungia kwake. Hakutukani, hagusi hata sufuria yako, na chumba bado ni chako kwa jina. Ila katika Nairobi hii, nani atalala na watoto mlango ukiwa wazi?

Niliwahi kuliona jambo hili Mathare. Mama mmoja alifunga leso mbili pamoja akazitundika mahali pa mlango, akasogeza jiko na ndoo ya maji hadi kizingitini, akaketi nyuma yake mpaka kukakucha. Siku ya tatu nilipopita leso hazikuwapo. Jirani aliyekuwa akifua hakuinua hata macho. "Ameenda kwa dadake, Kayole," akasema.

Wengi wanaolala nje Nairobi walianza safari yao hivyo, kwa dada wa Kayole. Sakafu ya dada huvumilika mwezi mmoja, pengine miwili, hadi shemeji aanze kukohoa kwa maana. Kisha huja chumba cha mtu wa kwao, kisha kibanda cha mahindi kinacholaliwa mwenyewe akishafunga, kisha ndipo ile veranda ya duka. Sisi humwona mtu akiwa ameshafika kituo cha mwisho, amejikunja ndani ya gunia, tukamwita chokoraa kana kwamba alizaliwa mle gunini.

Miradi haikukosekana. Miaka ya sabini, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ploti 6,000 zilipimwa Dandora kwa ajili ya watu wa kipato kidogo. Ploti iliwekewa choo, bafu na maji. Vyumba mwenyewe angejenga pole pole kadiri ya mfuko wake. Ni wazo ninaloliheshimu hadi leo, maana lilimwamini maskini kuwa ana akili na mikono. Lisilotiwa kwenye ramani ni njaa ya vyumba ya jiji hili. Pita Dandora leo uone: maghorofa yamesimama bega kwa bega, familia kwa chumba kimoja, na wengi waliokusudiwa kumiliki ploti walikwisha kuuza au kuwa wapangaji mahali pengine.

Kibera ndiyo inayostahili kutazamwa kwa makini zaidi. Mwaka 2003 serikali ya Kenya ilitiliana saini na UN-Habitat, shirika lenye makao yake makuu papa hapa Gigiri, kuboresha makazi ya mabanda. Soweto Mashariki ikachaguliwa kuwa kijiji cha kwanza. Mpango wenyewe ulieleweka hata kwa mtoto: wenyeji wangehamishiwa Lang'ata kwa muda, mabati yabomolewe, maghorofa yajengwe, kisha warudishwe kwao.

Septemba 16, 2009 malori yalianza kubeba magodoro, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Raila Odinga, akawapo kushuhudia. Nyumba za muda zilikuwa 600, kila moja ya vyumba vitatu, na familia zaidi ya elfu moja zikagawana: kila familia na chumba chake, jiko na choo kwa pamoja. Kodi ya chumba ilikuwa kama shilingi 1,000 kwa mwezi. Maji bombani, taa swichini, choo ndani. Kwa mtu aliyezoea kulipia choo kila anapokwenda haja, hiyo haikuwa hatua ndogo.

Lakini mwuza mboga aliyepewa chumba ghorofa ya tatu auzie wapi? Kibera mlango wake ulikuwa ndio duka lake. Sukuma ilikatwa pale pale kizingitini, mteja akirudi kutoka kibaruani ananunua ya shilingi kumi, mtoto anaonekana, sufuria ya maharagwe inaangaliwa kwa jicho moja. Ghorofani hapiti mtu. Halafu kuna jiko la pamoja. Mwenye kuwasha mafuta ya taa, mwenye kupikia makaa na mwenye kutumia umeme wa watu wote wamewekwa chumba kimoja cha kupikia, na bili inakuja moja. Wanandoa tu hugombania stima. Seuze familia tatu zisizojuana.

Baadhi wakapiga hesabu zao. Mtu akampangishia mwingine chumba chake kwa bei ya juu, akarudi Kibera kwenye mabati, ile tofauti akalipia karo. Maofisa waliita huo udanganyifu. Mimi naona mtu aliyepewa mali asiyoweza kuila akaibadilisha kwa chakula. Ukimpa mtu nyumba na kumwondolea riziki, umempa nusu, na nusu hiyo ataiuza.

Kule Soweto yenyewe, kazi ilikwama mahakamani. Wenye mabanda walishtaki, na si ajabu. Utafiti wa Benki ya Dunia uliofanywa mwaka 2004 uligundua kuwa asilimia 92 ya wakazi wa mitaa ya mabanda ya Nairobi ni wapangaji, kwa hiyo nyuma ya kila mpangaji yuko mtu anayekula kodi. Wengine ni wakubwa wasiokanyaga matope yale. Lakini wengine ni Wanubi ambao babu zao, askari wa jeshi la Mwingereza, walipewa Kibra kukaa zaidi ya karne moja iliyopita, wakaiita hivyo kwa maana ya msitu. Ukimwambia mjukuu wa askari huyo kwamba vyumba vyake kumi ni "vibanda haramu", jitayarishe kusikilizwa na hakimu.

Ujenzi ulianza mwaka 2012, na nyumba 822 zikakabidhiwa Julai 2016. Mtoto aliyepanda lori la kwenda Lang'ata akiwa darasa la kwanza alikuwa sasa anajiandaa kwa KCPE. Maghorofa ni mazuri, nani atabisha, na barabara iliyopasua kijiji imewasaidia hata wasiopata nyumba. Ila nyumba hizo ziliuzwa. Kwa mkopo nafuu, kupitia vyama vya ushirika, ndiyo, lakini ziliuzwa. Na asiyekuwa na amana alibaki kuyatazama maghorofa kupitia kitundu cha mabati ya jirani.

Mradi wa sasa wa nyumba za bei nafuu umejifunza mambo mawili matatu. Mei 2025 nyumba 1,080 za kwanza zilikabidhiwa Mukuru, na bedsita hulipiwa shilingi 3,900 kwa mwezi hadi iwe yako. Bei hiyo haijapishana sana na chumba cha mabati, na fedha zinatoka mfukoni mwetu, ile asilimia 1.5 ya mshahara inayokatwa chini ya sheria ya mwaka 2024. Nimewaona watu wakilia kwa furaha mbele ya funguo na siwezi kuwabeza. Ila mtu wa mjengo hulipwa jioni kwa jioni, na mvua ikinyesha wiki nzima halipwi. Kumdai kwa mwezi ni kumdai kwa kalenda isiyokuwa yake. Na hapo tunazungumza juu ya mwenye kibarua. Yule wa veranda je?

Yule wa veranda ana mradi wake, mbali kabisa na nyumba. Mwaka ule ule wa mkataba wa Kibera, 2003, serikali ya Narc ikiwa na miezi michache tu, iliundwa hazina ya kuwarekebisha watu wa familia za mitaani, na mamia ya vijana wakaondolewa katikati ya jiji kupelekwa vituoni na katika Huduma ya Vijana kwa Taifa. Jiji lilipendeza kwa muda. Vijana wakafunzwa ufundi, wakavaa sare, na walipomaliza, wengine wakarejea pale pale walipookotwa, maana hakuna aliyekuwa amewaandalia chumba cha kuanzia. Mwaka 2018 waliolala nje walihesabiwa nchi nzima: wakapatikana 46,639, na Nairobi peke yake 15,337.

Tazama mgawanyo huo. Wizara ya nyumba humhesabu mwenye kitambulisho na amana. Hazina ya mitaani humhesabu mgonjwa wa tabia anayehitaji kurekebishwa kwanza, nyumba itafuata akishapona. Haifuati. Finland, ambako baridi haina mzaha na mtu wa barazani, tangu mwaka 2008 waliigeuza kanuni hii: mtu hupewa ufunguo na mkataba wa upangaji siku ya kwanza, ulevi na ugonjwa vikatibiwa akiwa na mlango wake, na idadi ya wasio na makao ikashuka sana kwa miaka mingi. Sisemi tuige Wafini, kodi zao si zetu. Nasema mpangilio wao ulimwona kwanza kama mpangaji.

Kwetu mtu wa veranda hajawa hivyo, na sababu moja ni karatasi. Kujiandikisha kwa nyumba ya serikali kunataka kitambulisho. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa, vitambulisho vya wazazi, na chifu wa eneo athibitishe kwamba anakufahamu na unakaa hapo. Chifu naye anauliza, unakaa wapi? Bila kitambulisho husajili laini ya simu, huna M-Pesa, na mwenye ploti yeyote wa siku hizi hukuambia utume kodi kwa simu. Hivyo ili upate makao lazima kwanza uwe na makao. Kuna vijana wa miaka ishirini na mitano pale Ngara ambao kwa mujibu wa makabati ya serikali hawajazaliwa.

Wakati mwingine hao wasiomo makabatini hawatafutiwi karatasi bali lori. Februari 2019, watoto na vijana waliokuwa wakilala mjini Nakuru walibebwa usiku na kwenda kutupwa karibu na msitu wa Chemasusu, kaunti jirani ya Baringo. Huo nao ulikuwa utekelezaji wa mpango, mpango wa usafi wa mji.

Sasa njoo kwa wanaosaidia bila mradi. Simama River Road saa kumi na moja alfajiri. Kijana anakunja katoni zake, anafagia veranda ya duka la vipuri kabla mwenyewe hajafika, kisha anampa mlinzi gunia lake amwekee hadi usiku. Mlinzi analisukuma nyuma ya jenereta bila kusema kitu. Mama wa chai upande wa pili anammiminia kikombe, analipwa akishauza chuma chakavu, na deni limo kichwani, halijaandikwa. Kijana ana bezi yake, maskani anayolala na wenzake, na bezi ina mkubwa wake na zamu za kukesha wengine wakilala. Pale pana ukaaji wa aina fulani, ulinzi, mkopo na dhamana. Sijapata kuona mradi uliotuma mtu amwulize yule mlinzi kuhusu yule kijana, ilhali hakuna ofisa anayemjua zaidi.

Mfano wa kuwauliza watu upo, na uko Huruma. Kijiji cha Kambi Moto, kilichoungua mara nyingi kiasi cha kupewa jina hilo, kilijihesabu chenyewe mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, kibanda kwa kibanda, wenyeji wakishika daftari. Walisaidiwa na Muungano wa Wanavijiji na shirika la Pamoja Trust, wakakubaliana na baraza la jiji mwaka 2003 wajenge kwenye ardhi ile ile. Kikwazo cha Soweto, mpangaji na mwenye banda, walikivuka kwa mazungumzo marefu ya usiku: kila familia nyumba moja, uwe ulikuwa mpangaji au ulikuwa na vyumba kumi. Waliweka akiba ya chama, shilingi chache kila siku. Nyumba zikajengwa kwenye msingi mdogo, kwenda juu, na mwenye fedha za chumba kimoja akaanza na kimoja.

Kasi yao ilikuwa ya konokono, na ofisa yeyote mwenye tarehe ya kukata utepe angekata tamaa. Wachache walipata, wengi walingoja. Lakini wauza mboga hawakupandishwa ghorofa ya tatu, maana wao wenyewe ndio waliochora nyumba, na duka likabaki chini.

Mtu asiniambie kwamba tatizo letu ni ukosefu wa mipango. Tuna mipango ya kujaza stoo. Hatujaamua tu kwamba anayelala veranda ya duka la vipuri ni mpangaji aliyepoteza mlango. Kuurudisha mlango kabla mama hajafika Kayole kungegharimu kodi ya mwezi mmoja, kiasi ambacho chama cha watu ishirini hukusanya Jumapili moja. Kumtoa veranda baada ya miaka minane hugharimu kituo, mshauri, daktari, na bado hana uhakika wa chumba.

Kwa hiyo ndugu msomaji, ukiwa kwenye chama, tengeni kikapu cha kodi, kama mnavyotenga cha matanga, na mpangaji akopeshwe kabla ya tarehe 10. Na kama yuko kijana unayemjua kwa jina, anayefagia mbele ya duka lako, usimngoje Desemba umpe unga na kupigwa picha. Nenda naye kwa chifu, mchukue na yule mlinzi, semeni kwamba mnamfahamu na kwamba anakaa hapo. Barua ya chifu hailipiwi.