Deo Filikunjombe, Mbunge Aliyewakagua Wenzake

Ukishuka kutoka Njombe kupitia Ludewa hadi Lupingu au Manda, milima ya Livingstone inaishia ndani ya Ziwa Nyasa, na pembeni mwa maji wanaishi watu wa mitumbwi, nyavu, dagaa na mbasa. Jimbo la Ludewa, lililo mbali na reli na barabara kuu ya Makambako, lilimpeleka Deo Filikunjombe bungeni mwaka 2010 kwa tiketi ya CCM. Mbunge wa pembezoni namna hii hutarajiwa awe mpole, aitikie kila jambo ili jimbo lake likumbukwe kwenye mgao wa barabara. Filikunjombe alishika njia nyingine, nami naona alikuwa sahihi: fedha ya umma ikivuja njiani, wa kwanza kukosa ni yule aliye mwisho wa njia.

Aprili 2012, Zitto Kabwe wa CHADEMA alipokusanya saini za kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Mizengo Pinda, Filikunjombe alitia yake. Mwezi uliofuata Rais Kikwete alipangua baraza la mawaziri. Baadaye Filikunjombe akawa makamu mwenyekiti wa Kamati ya Hesabu za Serikali chini ya Zitto. Nafasi hiyo ilikuwa na uzito wa pekee. Mwenyekiti hutoka upinzani, hivyo taarifa yake ni rahisi kupuuzwa kama kelele za wapinzani. Mwana-CCM akisimama nayo, kisingizio hicho kinakufa. Ndivyo ilivyokuwa Novemba 2014, kamati ilipowasilisha taarifa ya akaunti ya Tegeta Escrow, ambako zaidi ya shilingi bilioni 300 zilikuwa zimetolewa Benki Kuu. Kwa sakata hilo, kabla Januari 2015 haijaisha, Mwanasheria Mkuu Frederick Werema na waziri wa nishati Sospeter Muhongo walikuwa wamejiuzulu.

Wapo wanaosema alikisaliti chama. Lakini Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kuisimamia Serikali kwa niaba ya wananchi, bila kuwasamehe wabunge wa chama tawala. Na CCM yenyewe ilimteua tena mwaka 2015. Hoja nzito zaidi ni kwamba taarifa ya Escrow haikumwongezea mvuvi wa Manda hata wavu mmoja. Ni kweli. Wala hakuwa peke yake: mbunge mwenzake David Kafulila alilipigia kelele suala hilo mapema. Ila ukaguzi hauleti mradi. Unazuia fedha ya mradi isipotee, na faida ya namna hiyo haina jiwe la msingi la kuzindua.

Oktoba 15, 2015, siku kumi kabla ya uchaguzi, helikopta aliyopanda ilianguka katika Pori la Akiba la Selous, naye akafariki. Uchaguzi wa ubunge Ludewa ukaahirishwa hadi Disemba.