Skrubu au Saruji: Uchaguzi wa Njia ya Kushikiza Taji la Kipandikizi cha Jino katika Mazingira ya Jangwani na Kariakoo, Dar es Salaam

Taji linalokaa juu ya kipandikizi cha jino hushikizwa kwa njia kuu mbili: skrubu au saruji ya meno. Tangu Per-Ingvar Brånemark amwekee mgonjwa wa kwanza vipandikizi vya titani mjini Göteborg, Uswidi, mwaka 1965, muungano wa mfupa na metali umeeleweka kwa kiasi kikubwa. Ubishi uliosalia unahusu zaidi kinachofanyika juu yake.

Taji la saruji hubandikwa juu ya kiunganishi kilichokwisha kukazwa. Halina tundu, hivyo sura yake hukaribia ya jino la asili, na saruji hufidia kasoro ndogo za ulinganifu. Madhara yake, hata hivyo, hujificha. Wakati wa kubandika, saruji ya ziada husukumwa chini ya ufizi. Na kwa kuwa nyuzi za ufizi hazijichomeki kwenye titani kama zinavyojichomeka kwenye mzizi wa jino, kizuizi hapo ni dhaifu. Masalia hayo huhifadhi bakteria, ufizi huvimba, na hatimaye mfupa huweza kuliwa. Katika utafiti wa Wilson uliochapishwa Marekani mwaka 2009, saruji ya ziada ilikutwa katika asilimia 81 ya vipandikizi vilivyokuwa na dalili za ugonjwa. Eksrei nayo haionyeshi kila aina ya saruji.

Skrubu ina matatizo yake: hulegea, na kauri iliyo kando ya tundu huweza kumeguka. Lakini mgonjwa huhisi taji likicheza, hurudi, na daktari hulifungua, hulisafisha na kulikaza upya kwa nguvu aliyoelekeza mtengenezaji, mara nyingi nyutoni-sentimita 35. Kipandikizi chenyewe hakiguswi.

Hapa ndipo mazingira yanapoamua. Kariakoo huhudumia wafanyabiashara wa mikoani, Zambia na Kongo, ambao huondoka mzigo ukikamilika. Hata mkazi wa Magomeni anayetibiwa Muhimbili hukwama masika, Mto Msimbazi unapofurika na Barabara ya Morogoro kufungwa pale Jangwani. Kwa mgonjwa asiye na hakika ya kurudi, kasoro inayojitangaza ni afadhali kuliko uvimbe usio na maumivu. Kwa magego, basi, skrubu ndiyo chaguo la kwanza, hasa pale ambapo nafasi kati ya taya ni finyu na kiunganishi hakifikii milimita 4, kimo ambacho chini yake saruji hushika kwa shida.

Sharti moja husahaulika: bisibisi za watengenezaji hazilingani. Mgonjwa anayeelekea Lubumbashi bila kadi yenye jina la mfumo na kipimo cha kipandikizi amebeba taji linalofunguka kwa nadharia tu.

Saruji hubaki na nafasi yake kwa meno ya mbele, pale kipandikizi kilipoinama kiasi kwamba tundu lingetokea upande wa mdomo. Hapo ukingo wa taji uwekwe usawa wa ufizi au chini yake kidogo tu, mahali ambapo kifaa cha kusafishia hufika.