Mount Whitney, Manowari Iliyoundwa Ili Isikie

Novemba 1942, majeshi ya Marekani yakishuka pwani ya Morocco, Jenerali George Patton alikuwa ndani ya USS Augusta, manowari ya mizinga. Meli za Ufaransa zilipotoka Casablanca, Augusta ikageuka kupigana nazo. Askari wa Patton walikuwa wameshafika ufukweni, naye amekwama baharini, huku mishindo ya mizinga ikivuruga redio.

Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba kamanda anahitaji meli isiyo na kazi nyingine. Mwanzoni zikageuzwa meli za abiria na mizigo, kama Ancon, iliyokuwa mbele ya ufukwe wa Omaha, Normandy, Ufaransa, tarehe 6 Juni 1944. Zilifaa, ila nyingi zilikuwa za mwendo wa polepole.

Meli za Marekani zilizobuniwa kwa ukamanda tangu mkukuni ni mbili: Blue Ridge ya Philadelphia na Mount Whitney ya Newport News, Virginia. Mkuku wa Mount Whitney uliwekwa Januari 1969, na miaka miwili baadaye ikaanza kazi. Umbo lake, lenye urefu wa mita 189, lilitokana na meli za helikopta za aina ya Iwo Jima.

Itazame sitaha yake: pana, karibu tupu. Kwangu mimi, ubunifu wote umo katika utupu huo. Chuma kikiwa karibu na antena hupotosha mawimbi, na redio inayorusha huiziba masikio jirani yake inayopokea. Kwa hiyo antena zikatawanywa, silaha zikapunguzwa, hata mashua zikafichwa kwenye vishubaka vya ubavuni.

Mwishoni mwa 2002 ilikuja jirani yetu, Djibouti, ikiwa makao ya kikosi cha Marekani cha Pembe ya Afrika. Mei 2003 makao hayo yakahamia nchi kavu, Camp Lemonnier. Tangu 2005 bandari yake ni Gaeta, Italia, na mwaka 2011 mashambulizi ya mwanzo dhidi ya Libya yaliongozwa kutoka ndani ya meli hiyo.

Mrithi wake hajajengwa. Kinachozeeka upesi ndani yake ni kompyuta na redio, navyo hung'olewa na kuwekwa vipya, chuma kikibaki kilekile. Juu mafundi wanashughulika na setilaiti. Chini, boila mbili bado zinachemsha maji, na mvuke wake ndio unaoisukuma meli.