PARETO YA NAKURU: ZAO LISILOLIPWA HUNG'OLEWA

Katika nchi ya juu iliyo karibu na mji wa Nakuru, pande za Molo, Elburgon, Kuresoi na Mau Narok, hustawi ua jeupe lenye kitovu cha manjano, liitwalo pareto. Ndani ya ua hilo mna dawa iuayo wadudu upesi sana. Lakini dawa hiyo ikipigwa na jua huisha nguvu, wala haikai katika udongo kwa miaka mingi kama sumu nyingine. Kwa sababu hiyo hutafutwa na watu wa nchi nyingi.

Pareto ililetwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920. Wakati huo Japani ndiyo iliyokuwa muuzaji mkubwa. Vita Kuu ya Pili ilipoifunga njia ya Japani, Kenya ilishika mahali pake. Hapo kwanza zao hili lilikuwa mikononi mwa walowezi. Lakini baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, na zaidi baada ya Uhuru wa mwaka 1963, wenye mashamba madogo ndio waliolibeba. Dawa ilikamuliwa katika kiwanda cha Nakuru, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya pareto iliyouzwa duniani ilitoka Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mavuno ya mwaka mmoja yalipita tani 17,000 za maua makavu.

Imani kabla ya fedha

Zao hili lilimfaa mtu wa shamba dogo. Halitaki mashine; maua huchumwa kwa mkono, kila baada ya majuma mawili au matatu, kwa miezi mingi ya mwaka. Yapata kilo nne za maua mabichi hutoa kilo moja ya makavu. Yasipoanikwa vema huoza na dawa hupungua. Mkulima aliyapeleka katika chama chake cha ushirika, yakapimwa kwa mizani, kisha yakafika Nakuru, ambako nguvu ya dawa ilichunguzwa na bei ikafuata nguvu hiyo. Basi mwenye bidii alipata zaidi, na fedha hizo zililipa karo za watoto.

Lakini yafaa kuangalia jambo moja. Mkulima hutoa mali yake kwanza, na fedha huja baadaye; katikati hapana kitu ila imani. Tena kwa sheria ya siku zile mnunuzi alikuwa mmoja tu, yaani Bodi ya Pareto.

Dawa za viwandani zilizo rahisi zilipolegeza soko, Bodi ilikosa fedha. Katika miaka ya 2000 malipo yalichelewa miezi, kisha miaka. Wakulima waliokuwa na stakabadhi mkononi na njaa nyumbani waling'oa pareto, wakapanda viazi na mahindi. Hawakufanya hivyo kwa ujinga, bali kwa hesabu. Wanunuzi wa ng'ambo, walipoona maua yamepungua, waligeukia Tasmania, kisiwa cha Australia, ambako pareto huvunwa kwa mashine. Katika miaka ya 2010 mavuno ya Kenya yalishuka chini ya tani 1,000 kwa mwaka.

Kuirudisha pareto

Mwaka 2013 sheria mpya iliwafungulia mlango wanunuzi wengine, na baadaye serikali ya Kaunti ya Nakuru iligawa miche kwa wakulima. Hayo ni mema. Walakini mche wa bure haulipi deni la zamani. Shamba linalotiwa pareto lingeweza kutoa viazi kwa muda wa miezi mitatu au minne, na mwenye shamba ana haki ya kuuliza atalipwa lini.

Wengi hudhani kwamba nchi changa hukwama kwa kukosa mbegu, mashine na elimu. Huku Nakuru vyote vitatu vilikuwapo: kiwanda kilikuwa mjini, chuo cha Egerton kilichoanzishwa mwaka 1939 kiko Njoro, na wakulima walikuwa hodari. Kilichokosekana ni malipo kwa wakati wake.

Methali husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Karani aandikaye uzito wa haki, na kuhakikisha fedha zimemfikia mwenyewe, anafanya kazi iliyo sawa na ya jembe. Mkulima naye na atunze stakabadhi zake, aanike maua vema pasipo kuchanganya vikonyo, na ahudhurie mkutano wa mwaka wa chama chake hesabu zinaposomwa. Ahadi ni deni. Na palipo na deni lisilolipwa, hata udongo mwema wa Molo hauwezi kuotesha imani.